Misimbo ya lugha na hati katika metadata: mwongozo kamili kwa anayehifadhi maandishi ya Kiswahili

Weka vitu vitatu mezani. Cha kwanza ni barua ya karne ya 19 kutoka Lamu, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Cha pili ni kaseti iliyorekodiwa Bukavu, mama mmoja anasimulia hadithi. Cha tatu ni faili la PDF la hotuba iliyosomwa Dodoma. Muulize yeyote vimo katika lugha gani, atakujibu Kiswahili, wala hatakuwa amekosea. Sasa fungua programu ya katalogi, panapojazwa metadata, yaani maelezo kuhusu kitu, fika kwenye uga (nafasi ya kujaza) wa lugha, ujaze jibu hilohilo. Mmoja ataandika "Kiswahili", mwingine "Swahili", wa tatu "KISW.", wa nne "Kisw/Kiar". Sisi tunaelewa yote. Mashine inaona lugha nne, na anayetafuta moja hazioni nyingine tatu.

Misimbo ya lugha ilitungwa kuondoa tatizo hilo. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mkutubi, mtunza nyaraka, mwenye tovuti, au kijana anayepiga picha miswada ya ukoo wake kabla haijaliwa na mchwa. Kazi hii inaonekana ndogo, herufi mbili tatu tu, lakini ndizo zinazoamua kama andiko litapatikana na mtu anayelihitaji.

Zijue orodha kabla ya kuzitumia

Kwa lugha kuna ISO 639, kiwango cha Shirika la Kimataifa la Viwango. Sehemu yake ya kwanza hutumia herufi mbili, na Kiswahili humo ni `sw`. Sehemu ya pili hutumia herufi tatu: `swa`. Sehemu ya tatu, iliyotoka mwaka 2007 na ambayo msajili wake ni shirika la isimu la SIL, nayo ni ya herufi tatu lakini inakusudia kuifikia kila lugha ya dunia. Humo utakuta `swa`, `swh` na `swc`, na tofauti yake nitaieleza. Mwaka 2023 sehemu hizi ziliunganishwa kuwa kiwango kimoja, lakini misimbo yenyewe haikuguswa, na watu wengi bado wanazitaja kwa majina ya zamani: 639-1, 639-2, 639-3. Ukijiuliza kwa nini herufi mbili hazikutosha, piga hesabu: herufi 26 mara 26 ni 676 tu. Tatu zinakupa nafasi 17,576.

Kwa mfumo wa maandishi, yaani hati, kuna ISO 15924, yenye herufi nne: `Latn` kwa Kilatini, `Arab` kwa Kiarabu, `Ethi` kwa hati ya Kihabeshi, `Gujr` kwa Kigujarati. Kwa nchi kuna ISO 3166-1: TZ, KE, UG, CD na nyingine.

Kinachoviunga vipande hivi kuwa lebo moja ni BCP 47, kanuni ya intaneti ambayo maelezo yake ya kuunda lebo yamo katika RFC 5646 (RFC ni waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 2009. Vipande vyote halali vimo katika sajili moja inayotunzwa na IANA, taasisi inayotunza sajili za intaneti; ni faili la maandishi matupu ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. Lifungue. Nimeona watu wakibishana nusu siku juu ya jambo ambalo jibu lake limo kwenye mstari mmoja wa faili hilo.

Hatua ya 1: Soma kitu chenyewe

Usianze na orodha. Anza na kilicho mbele yako, na ujiulize: lugha gani imetumika, na je, ni moja? Imeandikwa kwa hati gani, au ni sauti tu? Ni tafsiri, na kama ni tafsiri, imetoka lugha gani? Ziandike pembeni kwa maneno ya kawaida kabla hujagusa msimbo wowote.

Nasisitiza hili kwa sababu kosa kubwa kuliko yote katika nyaraka za pwani yetu hutokea hapa, kabla hata msimbo haujachaguliwa. Mtu anafungua kasha, anaona karatasi yenye herufi za Kiarabu, anaandika lugha: Kiarabu. Barua ya Kiswahili inaingia kwenye fungu la `ara`, na mtafiti wa Kiswahili hataifungua kamwe. Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi hizo kwa karne kadhaa: tenzi, barua, hesabu za biashara, wasia, hati za mashamba. Kuona alifu na lamu hakukuambii lugha. Unapaswa kusoma, au kumwita anayeweza kusoma.

Wala usihukumu kwa mstari wa kwanza. Barua nyingi huanza na bismillahi na salamu ndefu za Kiarabu, sifa za anayeandikiwa, dua, kisha mambo yenyewe yanashuka kwa Kiswahili. Anayesoma mistari mitatu ya juu atasema Kiarabu. Shuka hadi katikati. Ukianza kukutana na maneno yenye viambishi vyetu, *nimekuletea*, *watu wa*, *kwamba*, hapo umeshajua ulipo. Barua ya namna hiyo ina lugha mbili, na Kiswahili ndicho kikuu.

Hatua ya 2: Jua uga wako unadai orodha ipi

Kila mfumo una desturi yake, na msimbo ulio sahihi mahali pamoja ni kosa mahali pengine. Katalogi za maktaba zinazotumia MARC 21, muundo wa rekodi za kimaktaba, zinadai herufi tatu: `swa`. Kurasa za HTML, faili za XML, vitabu vya EPUB na programu za simu hufuata BCP 47, na huko ni `sw`. Sajili ya IANA haina `swa` kabisa, kwa kuwa kanuni yake ni kwamba lugha yenye msimbo wa herufi mbili hutumia huo mfupi. Ukiandika `lang="swa"` kwenye ukurasa wako, kihakiki cha HTML cha W3C, shirika la viwango vya tovuti, kitakulalamikia, na kina haki.

Maktaba zina mtego wake mwingine. Lugha 20 zina misimbo miwili ya herufi tatu katika 639-2, mmoja wa kibibliografia na mwingine wa istilahi. Kiswahili hakimo, una `swa` tu. Lakini nyaraka zetu zimejaa lugha zilizomo: Kifaransa ni `fre` kwenye MARC na `fra` kwenye 639-3, Kijerumani ni `ger` na `deu`. Ukihifadhi mafaili ya utawala wa Kijerumani Tanganyika au ya Wabelgiji Kongo, amua mapema unatumia upande upi, uandike uamuzi huo kwenye karatasi ya maelekezo, wala usichanganye.

Hatua ya 3: Chagua kati ya sw, swh na swc

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika ISO 639-3, `swa` ni lugha mwavuli. Chini ya mwavuli huo zimo lugha mbili: `swh`, Kiswahili cha pwani pamoja na Kiswahili sanifu kilichotokana nacho, na `swc`, Kiswahili cha Kongo, kile cha Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani ambacho wengine hukiita kingwana. BCP 47 inaruhusu `sw`, `swh` na `swc`, zote tatu. Sajili ina hata umbo la `sw-swc`, lakini inapendekeza uandike `swc` peke yake.

Uandike upi, basi? Kwa ukurasa wa tovuti, kitabu, programu na chochote kinachotegemea mashine kulinganisha lebo: `sw`. Kanuni za kulinganisha lebo, RFC 4647, zinafanya kazi kwa vipande kutoka kushoto. Msomaji akiomba `sw`, atapewa `sw`, `sw-TZ` na `sw-Arab`. Hatapewa `swh`, kwa sababu kwa mashine hilo ni neno tofauti kabisa. Ukiandika `swh` kwa nia njema ya kuwa makini, umekificha Kiswahili chako kwa wanaokitafuta.

Kwa hifadhi ya kiisimu au mkusanyo wa matini za kufunzia mashine, mambo hugeuka. Huko hutumika 639-3 na watu wanataka kujua hasa ni Kiswahili kipi. FLORES-200, mkusanyo unaotumika kupima tafsiri za mashine, huandika `swh_Latn`. Hapo fuata desturi ya nyumba uliyoingia.

Na Kongo je? Kaseti ya yule mama wa Bukavu, anayesimulia kwa Kiswahili cha huko, katika hifadhi ya lugha ni `swc` bila wasiwasi. Kwenye tovuti ningeandika `sw-CD`. CLDR, hazina ya Unicode ambayo simu na kompyuta huchota kutoka kwake majina ya siku na miundo ya tarehe, huichukulia `swc` kama `sw-CD`. Lakini usimpe mtu lugha kwa anwani yake. Kitabu kilichochapwa Goma kwa Kiswahili sanifu ni `sw`. Mahali pa uchapaji pana uga wake, na lugha ina wake.

Jirani zake Kiswahili wasimezwe pia. Shingazija ni `zdj`, Shindzwani ni `wni`, Shimwali ni `wlc`, Shimaore ni `swb`. Kimwani cha kaskazini mwa Msumbiji ni `wmw`. Nimekutana na kanda za Komoro zilizoandikwa `swa` kwa sababu aliyezipokea alielewa maneno mawili matatu. Wenyewe wana lugha zao, na zina misimbo.

Hatua ya 4: Hati

Herufi nne, ya kwanza kubwa: `Arab`, `Latn`. Mashine haijali ukubwa wa herufi, lakini desturi ni lugha kwa herufi ndogo, hati kwa kuanza na kubwa, nchi kwa herufi kubwa zote. Ukiifuata, jicho linakisoma kipande haraka bila kuhesabu.

Barua yetu ya Lamu, basi, ni `sw-Arab`. Hotuba ya Dodoma ni `sw` tu. Katika sajili ya IANA, Kiswahili kimewekewa alama kwamba hati yake ya kawaida ni `Latn`, maana yake usiitaje kwenye lebo pasipo sababu. Nakubaliana na kanuni hiyo kwa kurasa za tovuti. Kwa hifadhi ya miswada naenda tofauti kidogo: ninaweka uga wa pili wa hati peke yake, nao unajazwa kila mara, `Latn` au `Arab`, hata pale jibu linapoonekana wazi. Uga mtupu una maana mbili, ama ni Kilatini ama hakuna aliyeangalia, na miaka kumi baadaye hakuna anayekumbuka ni ipi.

Mkusanyo wa miswada huwa pia na nakala za unukuzi: mtu amekaa na utenzi wa herufi za Kiarabu, akaupiga chapa kwa Kilatini. Hilo ni andiko tofauti na la asili, na BCP 47 ina njia ya kulieleza kwa kipande cha `t`:

`sw-Latn-t-sw-arab`

Yaani: Kiswahili kwa Kilatini, kilichogeuzwa kutoka Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Programu nyingi zitaisoma `sw-Latn` na kuacha mengine, lakini habari imo ndani kwa atakayeihitaji. Anayechambua jinsi waandishi wa zamani walivyotofautisha *p* na *b* kwa nukta hawezi kutumia unukuzi, na lebo hii inamwambia hivyo kabla hajapoteza siku yake.

Jambo moja ambalo lebo haifanyi: kugeuza mwelekeo. `sw-Arab` haimwambii kivinjari aanze kulia. Kwenye HTML ni lazima uandike vyote viwili:

`<p lang="sw-Arab" dir="rtl">`

Ukisahau `dir`, nukta na mabano yataruka upande usio wao na mistari itaegemea kushoto.

Hatua ya 5: Nchi, pale tu inapobadilisha kitu

`sw-TZ`, `sw-KE`, `sw-UG` na `sw-CD` zimo katika CLDR, na zina kazi pale penye fedha, tarehe na miundo ya namba. Kama unatengeneza programu ya malipo, zinakuhusu. Kama unahifadhi shairi, `sw` inatosha. Kila kipande unachoongeza ni dai, na dai linahitaji ushahidi.

Kama maandishi yako ni ya Afrika Mashariki nzima na mfumo unakulazimisha kutaja eneo, BCP 47 inakubali pia namba za maeneo za Umoja wa Mataifa: `sw-014` ni Kiswahili cha Afrika Mashariki. Zanzibar haina msimbo wake katika ISO 3166-1, hivyo hutumia TZ, na Uzanzibari wa andiko utauandika kwenye uga wa mahali.

Sasa mtego ulionichosha kuliko yote. Msimbo wa nchi na wa lugha hufanana sura, na watu hujaza nchi mahali pa lugha. Tazama yanayotokea kwetu:

- `ug`: umekusudia Uganda, umeandika Kiuyghur cha China.
- `bi`: umekusudia Burundi, umeandika Kibislama cha Vanuatu. Kirundi ni `rn`.
- `km`: umekusudia Komoro, umeandika Kikhmer cha Kambodia.
- `om`: umekusudia Oman, umeandika Kioromo.

Rwanda imebahatika, `rw` ni Kinyarwanda na RW ni nchi. Somalia vilevile, `so` na SO. Bahati hiyo ndiyo inayowafanya watu wadhani kanuni ni hiyohiyo kote. `tz` na `ke` si lugha yoyote. Angalau hizo kihakiki kitazikataa. `ug` na `om` zinapita bila kelele kwa kuwa ni halali, na hapo ndipo madhara yalipo.

Ndugu yake mtego huo ni `ki`. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, fungu zima la rekodi lilikuwa na `ki` kwenye safu ya lugha. Aliyejaza alichukua mwanzo wa neno Kiswahili, jambo la kueleweka kabisa. Lakini `ki` ni Gikuyu. Kila aliyetafuta Kiswahili aliambiwa hakuna kitu, na kila aliyetafuta Gikuyu alipewa mashairi ya Kiswahili. Iligundulika pale msomaji wa Gikuyu alipouliza kwa upole kama tumekosea.

Hatua ya 6: Lahaja

Ninaipenda hatua hii, maana ndipo utajiri wa lugha yetu ulipo na ndipo viwango vinapopungukiwa. Hakuna kipande kilichosajiliwa IANA kwa kiamu, kimvita, kiunguja wala kipemba. Lugha nyingine zimejisajilia: Kikatalani cha Valencia kina `valencia`, Kikorni kina vipande vyake. Sisi bado, na mlango uko wazi kwa anayeweza kuandika ombi lenye ushahidi wa maandishi.

Kwa sasa kuna njia ya matumizi binafsi, kipande cha `x`:

`sw-Arab-x-kiamu`
`sw-x-kimvita`
`sw-KE-x-sheng`

Kila kipande baada ya kistari kisizidi herufi nane. Kiunguja ni nane kamili, inapita. Kingwana nayo nane. Chimwiini, lahaja ya Barawa huko Somalia, ni tisa: itakataliwa, utaifupisha, kwa mfano `chimwini`. Kitumbatu vilevile ni tisa. Chochote utakachoamua, kiandike kwenye orodha moja ya taasisi yako, kwani nje ya kuta zako hakuna anayejua maana ya `x-chimwini`. Na rudia lahaja hiyo kwa maneno kamili kwenye uga wa maelezo: "Kiswahili, lahaja ya Barawa (Chimwiini)". Msimbo ni wa mashine. Sentensi hiyo ni ya mjukuu.

Usijaze lahaja kwa kukisia kutokana na mahali mswada ulipopatikana. Mashairi ya Mombasa yamenakiliwa Lamu, ya Lamu yamenakiliwa Unguja, na washairi wa bara wameandika kwa maneno ya kaskazini kwa sababu ushairi ulidai hivyo. Kama hujui, acha `sw-Arab`.

Hatua ya 7: Lugha nyingi, lugha isiyojulikana, na pasipo lugha

ISO 639-2 ina misimbo minne ya hali hizi. `mul` ni lugha nyingi. Itumie pale tu uga unapokubali jibu moja na lugha ni nyingi mno kuorodheshwa. Kama uga unarudiwa, zitaje lugha zenyewe. `und` ni lugha haijabainishwa: ni jibu la heshima kabisa, bora kuliko kubahatisha. `mis` ni lugha inayojulikana lakini haina msimbo. `zxx` ni hakuna lugha, kama picha ya jahazi au muziki wa ala tupu.

Usichanganye `zxx` na `Zxxx`. Ya pili ni ya hati, ikimaanisha kisichoandikwa. Kaseti ya Bukavu ina lugha bila maandishi: lugha `swc`, hati `Zxxx`. Ukiipa `zxx` umesema yule mama hakusema neno.

Hatua ya 8: Lugha jirani na majina yake

Hifadhi za Kiswahili mara nyingi huwa na lugha nyingine za kwetu, na orodha za ISO haziyatumii majina kama tunavyoyaita. Ondoa *Ki-* kwanza: Kigogo utakipata kama Gogo, `gog`, Kisukuma ni Sukuma, `suk`, Kihaya ni Haya, `hay`. Baada ya hapo bado utapotea mara kadhaa. Kipare kimo kama Asu, `asa`. Kisambaa kimeandikwa Shambala, `ksb`. Kirangi utakikuta pia kama Langi, `lag`. Kichaga hutakipata kwa jina hilo, kwani kimegawanywa: Machame `jmc`, Vunjo `vun`, Mochi `old`, Rombo `rof`. Waulize wenyewe kanda yao ni ya upande upi wa mlima.

Kimeru kinahitaji tahadhari ya pekee. `mer` ni Kimeru cha Kenya. Wameru wa Arusha wana lugha nyingine, iliyosajiliwa kama Rwa, `rwk`. Jina ni moja, mlima wenye jina hilo uko Tanzania, na anayetafuta "Meru" hupewa `mer` kwanza.

Kenya kuna miavuli kama ule wa Kiswahili: Kiluhya ni `luy`, chini yake Kibukusu `bxk` na Kilogooli `rag`, Kikalenjin ni `kln`, chini yake Kinandi `niq` na Kipsigis `sgc`. Ukimjua mtoto, mwandike mtoto. Usipomjua, mwavuli unatosha.

Hatua ya 9: Kuandika mahali pake

HTML: lebo kuu huwekwa kwenye kipengele cha juu kabisa, `<html lang="sw">`, na kila kipande cha lugha nyingine hupewa lebo yake palepale kilipo. Mwongozo wa ufikivu wa WCAG unadai la kwanza katika ngazi A na la pili katika ngazi AA, kwa sababu nzuri: kisoma skrini cha mtu asiyeona huchagua sauti kwa kufuata lebo hiyo. Tovuti ya Kiswahili iliyoachwa na `lang="en"` ya kiolezo husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na asiyeona anaambulia mapovu. Kama una tovuti, angalia hili leo.

Dublin Core, seti fupi ya nyuga za kueleza nyaraka: andika `sw` au `sw-Arab` kwenye uga wa lugha, moja kwa kila uga, na urudie uga kwa lugha ya pili. Usiandike "sw, ar" pamoja.

MARC 21: uga 008 nafasi 35 hadi 37 hupokea lugha kuu, `swa`. Zikiwa zaidi ya moja, ongeza 041. Kwa barua yetu:

`041 0# $a swa $a ara`
`546 ## $a Salamu za Kiarabu, barua kwa Kiswahili $b Herufi za Kiarabu`

Kama ni tafsiri, kiashiria cha kwanza kinakuwa 1 na lugha ya asili huingia `$h`. Ukitaka kutaja `swc`, ambayo haimo katika orodha ya MARC, kiashiria cha pili kinakuwa 7 na chanzo kinatajwa:

`041 #7 $a swc $2 iso639-3`

Programu: Java ya zamani na mifumo ya Unix hutumia mstari wa chini, `sw_TZ`. BCP 47 inataka kistari, `sw-TZ`. Rekodi zikihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, hapa ndipo huvunjika.

Hatua ya 10: Kusafisha yaliyokwisha kuandikwa

Toa safu nzima ya lugha kwenye jedwali, panga kwa alfabeti, hesabu kila umbo. Utashangaa. Tengeneza jedwali la pili lenye safu mbili, kilichoandikwa na kinachopaswa kuwa: "KISW." kwenda `sw`, "Swahili" kwenda `sw`, `engswa` (katalogi za zamani ziliunganisha misimbo hivi katika uga mmoja) kwenda `en` na `sw` mbalimbali. Yale yaliyo wazi yabadilishe kwa mkupuo. Kisha chukua kila umbo linalobaki ulilinganishe na sajili ya IANA. Kukagua idadi ya herufi peke yake hakutoshi, maana `om` ina herufi mbili safi kabisa.

Halafu yako mafungu mawili ambayo mashine haiwezi kukusaidia. Moja ni kila `ki`, `ug`, `bi`, `km` na `om` katika hifadhi ya Afrika Mashariki: zifungue moja moja. La pili ni kila `ara` iliyotoka pwani, Lamu, Pate, Mombasa, Unguja, Pemba, Kilwa. Tafuta mzee au mwanafunzi anayesoma herufi hizo kwa Kiswahili, mkae naye na karatasi zenyewe, na mlipe kwa kazi yake. Hifadhi nakala ya thamani ya zamani kwenye uga wa kumbukumbu, pamoja na tarehe na jina la aliyebadilisha, ili mwingine akiona mmekosea aweze kurudi nyuma.

Vile vitu vitatu vya mezani vinaingia hivi. Hotuba ya Dodoma: lugha `sw`, hati `Latn`. Barua ya Lamu: lugha `sw-Arab`, ya pili `ar`, hati `Arab`, lahaja imeachwa tupu mpaka aisome anayeijua. Kaseti ya Bukavu: lugha `swc`, hati `Zxxx`, na chini yake kwenye maelezo: "Msimulizi anaita lugha yake Kiswahili."